MRI, altrasaundi au saa ya kuhesabu sekunde: mtoto mwenye distrofia ya misuli apimwe kwa kipi?

Mzazi wa Mombasa akishaambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa kudhoofika misuli, kinachofuata aghalabu ni karatasi za vipimo. Moja ni ya damu, nyingine ya altrasaundi, na iliyo ghali kuliko zote imeandikwa MRI ya mapaja, yaani picha inayopigwa kwa sumaku. Hapo ndipo familia hukaa kikao: hii ya mwisho ina nini ambacho zile nyingine hazina?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukitaka kujua msuli umebaki kiasi gani na unapotea kwa kasi gani, MRI haina mpinzani. Ukitaka kujua mtoto ana ugonjwa gani, MRI si kipimo cha kwanza, na mara nyingi hata si cha pili. Pesa zikiwa za kuchangishana, na huku kwetu nyingi ni za kuchangishana, tofauti hiyo inafaa ijulikane kabla ya kulipa.

Nitazungumzia hasa Duchenne, aina ya distrofia inayompata takriban mvulana mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, kwani ndiyo inayowaleta watoto wengi hospitali. Becker ni ya jamii hiyohiyo lakini huenda polepole zaidi. Aina nyingine nitazigusa pale zinapobadilisha uamuzi.

Tunapima nini hasa?

Seli ya msuli ina protini iitwayo distrofini, inayoushikilia utando wake usichanike msuli unapojikaza. Jeni ya kutengeneza distrofini iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaougua karibu wote ni wavulana. Distrofini isipokuwepo, kila hatua, kila ngazi, hasa kushuka ngazi, huacha michaniko midogo. Mwili hurekebisha, kisha unarekebisha tena, hadi uwezo huo unachoka. Pale palipokuwa na nyama panaingia mafuta na kovu.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kuulizia: nyama iliyobaki, mafuta yaliyoingia, na majimaji ya uvimbe yanayoonyesha kwamba uharibifu unaendelea sasa hivi. Hakuna kipimo cha bei nafuu kinachoyatenganisha yote matatu.

Bibi mmoja akimleta mjukuu wake huenda akauliza, "Lakini daktari, tazama mashavu ya miguu yake yalivyojaa, utasema mcheza mpira. Vipi huyu awe misuli yake inakufa?" Jibu ni, "Bibi, kujaa huko ndiko kunakotutia wasiwasi. Sehemu ya ujazo ule si nyama." Macho na mikono havitoshi kuona hilo. Picha inatosha.

Damu: ya kuanzia, si ya kufuatilia

CK ni kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye msuli uliochanika. Kwa mtu mzima wa afya namba yake kwa kawaida haipiti mamia machache ya yuniti kwa lita. Kwa mtoto mdogo mwenye Duchenne hupita 10,000 bila shida. Kipimo hiki ni rahisi, maabara nyingi za hapa hukifanya, na mvulana anayechelewa kutembea au anayejikokota kwa mikono juu ya mapaja yake ili asimame anafaa apimwe CK wiki hiyohiyo. Namna hiyo ya kusimama ilielezwa na daktari Mwingereza, William Gowers, mwaka 1879, na bado ndiyo dalili inayofundishwa leo.

Ila msiifuatilie CK mwaka hadi mwaka mkidhani ni kipimo cha nafuu. Inashuka kadiri mtoto anavyokua kwa sababu msuli wa kuvuja umepungua. Namba ikitoka 18,000 ikafika 4,000, hiyo si habari njema.

Kuna mtego mwingine. Vimeng'enya vya ALT na AST, vinavyopimwa kuangalia ini, vimo pia ndani ya misuli. Mtoto wa Duchenne anaweza kuhangaishwa na vipimo vya ini miezi na miezi ilhali ini lake ni zima. Njia ya haraka ya kujua ni kupima GGT, kimeng'enya kingine cha ini ambacho hakitoki kwenye msuli. ALT ikiwa juu na GGT ikiwa ya kawaida, pimeni CK.

MRI inaona nini

Mashine za kawaida za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Hazitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio kuitikisa haidrojeni iliyo katika maji na mafuta ya mwili. Kwa kuwa msuli hai umejaa maji na msuli uliokufa hujaa mafuta, kifaa hiki ni kama kilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu.

Picha za kuombwa ni za namna tatu, na hapa nitakawia kidogo, kwani karatasi ikiandikwa "MRI ya paja" tu, huenda mkalipa na mkakosa mlichokifuata.

Ya kwanza ni T1. Mafuta hutoka meupe, nyama ya kijivu. Aliyewahi kusimama buchani Kongowea akaona paja la ng'ombe lililopitiwa na mistari ya mafuta ataielewa picha hii bila kufundishwa. Mtaalamu wa radiolojia huutazama kila msuli na kuupa daraja kulingana na weupe ulivyotanda. Ni nzuri, lakini ni jicho la mtu. Wataalamu wawili wanaweza kutofautiana, na mtoto anaweza kupoteza nyama mwaka mzima akabaki katika daraja lilelile.

Ya pili ni STIR, au T2 iliyozimwa mafuta. Hapa mafuta hufifishwa, majimaji yakang'aa. Inaonyesha palipo na uvimbe leo, pengine kabla mafuta hayajaingia. Katika FSHD, aina nyingine ya distrofia ambayo huanza usoni na mabegani na mara nyingi huathiri upande mmoja zaidi ya mwingine, msuli unaong'aa kwenye STIR ndio wa kuutilia shaka kwamba utafuata kugeuka mafuta.

Ya tatu ndiyo inayostahili pesa: Dixon. Imepewa jina la W. Thomas Dixon, aliyeieleza mwaka 1984. Haidrojeni ya maji na ya mafuta haziendi kwa mwendo mmoja ndani ya sumaku. Mashine huchukua picha wakati mawimbi yao yamelingana, na nyingine wakati yanapingana, kisha hesabu hufanywa na kila nukta ya picha hupata asilimia yake ya mafuta. Paja la mtu mzima wa afya lina asilimia chache tu. Katika Duchenne namba hiyo hupanda mwaka hadi mwaka, na inaweza kulinganishwa na ya mwaka jana bila kubishana.

Ugonjwa huu hauchukui misuli yote kwa pamoja. Makalio na msuli mkubwa wa ndani ya paja hutangulia, kisha ile minne ya mbele ya paja. Misuli miwili myembamba, ambayo kwenye ripoti huandikwa gracilis na sartorius, hubaki mizima muda mrefu, na ukiitazama picha ya kijana aliyekwisha acha kutembea utaiona kama visiwa vya kijivu katikati ya weupe. Kwa ufuatiliaji, watafiti hupenda msuli wa nje wa mbele ya paja, vastus lateralis, kwani hubadilika kwa namna inayotabirika katika miaka ambayo mtoto bado anatembea.

Faida kubwa ya MRI iko kwa mtoto wa kama miaka mitano hadi saba. Umri huo mtoto bado anakua, anajifunza kukimbia, na kwenye vipimo vya mwendo anaweza kuonekana anaboreka huku ndani misuli ikipungua. Mradi wa ImagingDMD, ulioanza Marekani mwaka 2010 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Florida, uliwafuatilia wavulana kwa picha na kuona mafuta yakipanda kabla uwezo haujashuka, na kwamba waliotumia steroidi kama prednisoni walikuwa na mafuta na uvimbe mdogo kuliko wasiotumia. Ndiyo maana majaribio ya dawa mpya sasa hutumia asilimia ya mafuta kama mojawapo ya vigezo.

Altrasaundi: msiidharau

Altrasaundi ipo hadi kwenye kliniki ndogo za Likoni na Changamwe. Mtoto hukaa mapajani mwa mamake, hakuna kelele, hakuna dawa ya usingizi, na dakika chache zinatosha.

Msuli mzima huonekana mweusi, na mfupa chini yake ni mstari mweupe mkali. Kadiri mafuta na kovu vinavyoingia, msuli unageuka mweupe na mstari wa mfupa unafifia hadi unapotea. Heckmatt na wenzake huko London waliyaweka mabadiliko hayo katika madaraja manne mwaka 1982, na bado yanatumika.

Udhaifu wake ni huu. Haitenganishi mafuta na kovu. Haifiki vizuri kwenye misuli ya ndani ya paja na nyonga, ambayo katika Duchenne ndiyo inayotangulia. Weupe wa picha hutegemea mashine na jinsi kitufe cha mwangaza kilivyozungushwa, kwa hiyo picha ya kliniki moja haiwezi kulinganishwa na ya nyingine. Na msuli ukishakuwa mweupe wote, altrasaundi haikuambii tena kama hali ni mbaya au imekuwa mbaya zaidi. MRI bado inahesabu hapo.

Hata hivyo, mashine ileile, mtaalamu yuleyule, mipangilio ileile, mara moja kwa mwaka: kwa familia nyingi za hapa huo ni ufuatiliaji wa maana.

Saa na sakafu

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakina umeme. Mtoto alale chali sakafuni, ahesabiwe sekunde hadi asimame wima. Akimbie mita 10. Apande ngazi nne. Atembee dakika sita, umbali uandikwe. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyefundishwa atatumia North Star, orodha ya kupima mwendo yenye majaribio 17 na alama 34 kwa jumla.

Kwa mtoto wa Mji wa Kale, ambako nyumba zina ngazi za mawe zilizosimama kama ukuta, familia hujua mabadiliko kabla ya daktari: jana alipanda bila kushika, leo anashika, kesho anasubiri abebwe. Andikeni tarehe.

Saa ina jambo moja ambalo MRI haina kabisa: inapima maisha. Asilimia ya mafuta haimbebi mtu ngazini. Lakini saa hudanganywa na homa, na joto la Machi, na mtoto aliyenuna kwa sababu amekatizwa mchezo. Na siku akiacha kutembea, sehemu kubwa ya vipimo hivi inakwisha, ilhali mabega na mikono bado ina misuli ya kuilinda. Hapo picha za mkono, au majaribio ya kuinua na kushika vitu mezani, huchukua nafasi.

Jeni kabla ya picha

Kama uchaguzi ni kati ya MRI ya miguu na kipimo cha jeni, lipeni jeni. Kwa karibu robo tatu ya wagonjwa wa Duchenne, kosa ni kipande cha jeni kilichokatika au kilichojirudia, kwa hiyo huanzwa na kipimo kinachotafuta makosa hayo; kisipopata kitu, jeni yote isomwe herufi kwa herufi kutafuta makosa madogo. Sampuli ni damu au mate, inasafirishwa, mtoto anabaki nyumbani. Jibu lake ndilo linaloamua kama dawa fulani zinazolenga kipande fulani cha jeni zingemfaa, na ndilo linalowaambia dada zake na mama zake wadogo kama nao wanaibeba. MRI haiwezi kusema lolote kati ya hayo.

Kukata kipande cha msuli siku hizi kumebaki kwa wachache ambao jeni haikuwatolea jibu. Ikifika huko, MRI husaidia kuchagua mahali pa kukata, kwani kukata msuli uliokwisha geuka mafuta ni kumuumiza mtoto bure.

Kuna hali moja inayogeuza mpangilio huu: mtu mzima ambaye ugonjwa wake haujulikani jina. Kijana wa bandarini wa miaka 25 anayeshindwa kuinua mkono kutundika shati, jeni zinazoweza kuhusika ni nyingi. Mpangilio wa misuli iliyoliwa na iliyobaki kwenye MRI hupunguza orodha hiyo na kumwelekeza daktari. Kwake yeye, picha inaweza kutangulia.

Moyo ni hesabu nyingine

Moyo nao ni msuli, na katika Duchenne nao unaingia kovu, mara nyingi kimyakimya, kwa sababu kijana hakimbii kiasi cha kuhema. Mwongozo wa kimataifa wa matunzo uliochapishwa mwaka 2018 unataka moyo ukaguliwe tangu siku ya utambuzi na kila mwaka baada ya hapo. Kwa watoto wadogo altrasaundi ya moyo inatosha hadi wafike kama miaka sita au saba. Baada ya hapo, mtoto akiweza kutulia bila kulazwa usingizi, MRI ya moyo ndiyo inayopendekezwa, kwa kuwa ikitumia dawa ya gadoliniamu huonyesha kovu kabla nguvu ya kusukuma damu haijashuka kwenye altrasaundi.

Tofauti hii ina dawa nyuma yake. Zipo dawa za kuukinga moyo, na mwongozo huohuo unataka zianze kufikia miaka 10 hata kama hakuna dalili. Kwa maoni yangu, ikiwa familia itapanda treni pale Miritini kwenda Nairobi kwa ajili ya MRI moja tu maishani, iwe ya moyo. Ya mapaja husaidia kujua. Ya moyo husaidia kutibu.

Hatari isiyoandikwa kwenye risiti

MRI ya miguu huchukua nusu saa au zaidi, mashine inagonga na kunguruma, na mtu hatakiwi kujitikisa. Mtoto wa miaka minne hawezi, kwa hiyo mtu atapendekeza alazwe usingizi. Hapo simameni.

Kwa mwenye Duchenne, dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu inaweza kupandisha potasiamu ghafla na kusimamisha moyo. Gesi za usingizi kama halotheni na isoflureni nazo zinaweza kuvunja misuli kwa wingi. Zipo njia salama zaidi za kutumia mshipa, lakini mtaalamu wa usingizi lazima ajue kabla, kwa mdomo wenu na kwa maandishi. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kutulia, sioni sababu ya kumtia katika hatari hiyo ili tu tujue asilimia ya mafuta. Altrasaundi na saa zitatosha hadi akue.

Kijana mkubwa ana shida nyingine. Magoti na nyonga zilizokaza hazimruhusu kunyooka ndani ya mashine, na mapafu yaliyochoka hayapendi kulala chali. Semeni mapema aletewe mito, na kama anatumia mashine ya kupumulia usiku, ulizeni kama inaruhusiwa kuingia chumbani. Vyuma vilivyowekwa mgongoni kunyoosha uti vitajwe, pamoja na karatasi ya upasuaji.

Mama anayeingia na mtoto aondoe pini zote za mtandio. Sumaku huzivuta na kuzirusha. Bangili, saa ya mkononi, simu, na hirizi iliyofungwa kwenye kikasha cha chuma, vyote vibaki nje.

Mkiamua kupiga

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF kama bima ya afya ya taifa, kwa hiyo idhini itafutwe kabla ya siku ya kipimo, na hospitali iulizwe waziwazi ni kiasi gani kitabaki mfukoni mwenu. Kwa picha za kupima mafuta ya miguu sindano ya gadoliniamu haihitajiki. Ikiwa imo kwenye bei, ulizeni kwa nini.

Mwombeni daktari aandike kwenye fomu: mapaja yote mawili na miguu chini ya goti, T1, STIR na Dixon, na asilimia ya mafuta itajwe kwa kila msuli. Wakisema mashine yao ina Dixon lakini hakuna anayezihesabu namba, bado pigeni, kwani picha zikihifadhiwa namba zinaweza kutolewa baadaye na mtaalamu mwingine popote alipo. Ombeni pia iandikwe kipande kilichopimwa kiko sentimita ngapi kutoka goti, la sivyo mwaka ujao mtalinganisha sehemu mbili tofauti za paja.

CD ya picha zenyewe iombeni siku hiyohiyo kabla ya kuondoka dirishani, si ripoti ya karatasi peke yake. Nakala moja iwe kwenye simu ya mtu ambaye hapotezi simu.